Tuwafundishe watoto kupanga mafungu, si kukata tarakimu

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo huenda likaonekana dogo likiwekwa kando ya habari za siasa na bei ya unga. Nilifundisha Hisabati katika shule za msingi za Siaya na Kisumu kwa miaka 31 kabla ya kustaafu, na kama ningeulizwa ni wapi watoto wengi huanza kuamini kwamba somo hilo si lao, ningejibu bila kusita kuwa ni pale wanapofundishwa kurahisisha akisami, yaani kuiandika sehemu ya kitu kwa namba ndogo kabisa ziwezekanazo bila kubadilisha thamani yake. Kabla ya hapo hesabu huwa na maana kwao. Baada ya hapo hugeuka kuwa kanuni za kufuatwa kwa woga.

Mwezi uliopita, mtoto wa jirani yangu hapa Kondele, aliye katika Gredi ya 7, aliniletea daftari lake jioni likiwa na kazi iliyokwisha kusahihishwa. Swali la kwanza lilimtaka arahisishe 16/64. Alikuwa amepiga mstari juu ya 6 iliyo juu na 6 iliyo chini, akabaki na 1/4, na pembeni palikuwa na alama ya sahihi kwa wino mwekundu. Swali la pili lilikuwa 13/39. Hapo pia alikuwa amepiga mstari juu ya zile tarakimu 3 mbili, akabaki na 1/9, na safari hii akawekewa alama ya kosa. Aliniuliza kwa adabu, “Mwalimu, nimefanya vilevile mara mbili, mbona moja ni sahihi na nyingine si sahihi?”

Mtoto huyo hakuwa mvivu wala mjinga. Alikuwa na kanuni, akaifuata kwa uaminifu, nayo ikamsaliti. Ni kweli kwamba 16/64 ni sawa na 1/4, kwa kuwa 16 imo mara nne katika 64, lakini ukweli huo hauhusiani hata kidogo na kufutwa kwa 6. Ilitukia tu. Ukichukua akisami zote zilizo chini ya moja, zenye tarakimu mbili juu na tarakimu mbili chini, ukaziacha zile zinazoishia kwa sifuri, utapata nne tu ambazo kufuta tarakimu ya pili ya juu pamoja na tarakimu ya kwanza ya chini inayofanana nayo huleta jibu la kweli: 16/64, 19/95, 26/65 na 49/98. Nyingine zote hudanganya. Jibu la 13/39 ni 1/3, kwa sababu 39 ni 13 mara tatu, na aliyeandika 1/9 amepoteza thuluthi mbili za kile alichopewa.

Simlaumu mwalimu aliyesahihisha. Naijua hali ya mtu mwenye madaftari sitini mezani na usiku unaingia: jicho hukimbilia jibu la mwisho, likiwa 1/4 kalamu huandika sahihi, na ile mistari miwili ya kufuta haionekani. Lawama yangu naielekeza kwa neno, na neno lenyewe ni kukata. “Kata juu, kata chini,” ndivyo tulivyowaimbisha watoto kizazi baada ya kizazi, nami niliwaimbisha hivyo kwa miaka mingi. Neno hilo humwambia mtoto kwamba kuna kitu kinachotolewa na kutupwa, na mtoto mwenye akili timamu atatafuta kinachofanana juu na chini ili akitupe. Anachokiona kinafanana ni tarakimu. Hajaelezwa kwamba 16 si 1 na 6 zilizosimama bega kwa bega, bali ni kumi moja na mamoja sita, na kwamba 6 ya 64 si sita, ni sitini. Alivyovifuta havikuwa hata kitu kimoja.

Napendekeza neno jingine, ambalo kila mtoto wa Kisumu amelisikia tangu alipokuwa akibebwa mgongoni: fungu. Katika soko la Kibuye nyanya hupangwa mafungu, viazi mafungu, vitunguu mafungu. Mwambie mtoto hivi. Mama mmoja ana gunia la mahindi la kilo 90, na anauza kwa gorogoro ya haki inayobeba kilo 2, hivyo gunia lake lina gorogoro 45. Kufikia adhuhuri ameuza gorogoro 18. Ameuza 18/45 ya gunia, na namba hizo peke yake hazimwelezi mtu mengi. Sasa gorogoro zote na zipangwe katika mafungu ya tatu tatu: jumla itakuwa mafungu 15, na yaliyouzwa ni 6, yaani 6/15. Zipangwe tisa tisa: mafungu ni 5, na yaliyouzwa ni 2, yaani 2/5. Hakuna punje iliyoongezwa wala iliyodondoka. Mahindi ni yaleyale na gunia ni lilelile. Kilichobadilika ni ukubwa wa fungu tunalohesabia. Na sasa habari inaeleweka hata kwa mtu anayepita njia: katika kila gorogoro tano, mbili zimekwenda.

Mtoto aliyelielewa hilo hahitaji kukaririshwa kwamba namba ya juu na ya chini sharti zigawanywe kwa namba ileile. Ukiyapanga yaliyouzwa katika mafungu ya tisa na jumla katika mafungu ya tatu, umelinganisha vitu visivyolingana, sawa na mtu anayehesabu mbuzi wake kwa vichwa na mbuzi wa jirani kwa miguu. Hahitaji pia kutishwa na kigawo kikubwa cha shirika, ambacho vitabu hukifupisha KKS: ni fungu kubwa kuliko yote linaloweza kupanga vyote viwili bila kubakiza kitu. Anayeanza na mafungu madogo hajakosea. 18/45 ikipitia 6/15 kisha ikafika 2/5 imefika palepale. Kosa ni kusimama njiani. Mtoto huishia 6/15 akidhani kazi imekwisha kwa sababu amegawanya mara moja, na hapo ndipo alama nyingi hupotea. Akisami hufika mwisho wake pale ambapo hakuna fungu lingine linalofaa isipokuwa la moja moja, na uzuri ninaouona mimi ni kwamba mwisho huo ni mmoja tu kwa watu wote. Wape wanafunzi sitini 84/126. Huyu aanze kwa kugawanya kwa 2, yule kwa 7, mwingine kwa 3. Wote watakutana katika 2/3, kama abiria waliopanda matatu tofauti kutoka mitaa mbalimbali wakashukia steji moja.

Mafungu humlinda mtoto pia dhidi ya kosa jingine, ambalo humfuata hadi kwenye aljebra. Akipewa (3 + 5)/(3 + 7), wengi hufuta 3 ya juu na 3 ya chini na kuandika 5/7. Juu ni 8 na chini ni 10, kwa hiyo jibu ni 4/5. Ile 3 imejumlishwa, haikuzidisha. Si ukubwa wa fungu, ni vitu vitatu tu vilivyoongezwa pembeni. Kinachoweza kuondolewa ni kile kinachozidisha yote yaliyo juu na yote yaliyo chini, kwa sababu hapo tunaondoa 9/9 au 13/13, ambayo ni moja, na kuzidisha kwa moja hakubadilishi thamani. Mwanafunzi wa sekondari asiyeelewa tofauti hiyo huendelea kufuta x kwa x popote aionapo, nami nimewaona wengi wakifanya hivyo huku wakiwa na uhakika kabisa.

Swali la kweli la mtoto ni hili: nitalijuaje fungu lenyewe? Vipimo vya kawaida avijue. Namba shufwa hugawanyika kwa 2, inayoishia 0 au 5 hugawanyika kwa 5, na ile ambayo jumla ya tarakimu zake hugawanyika kwa 3 nayo hugawanyika kwa 3. Vipimo hivyo vinatosha kwa kazi nyingi za darasani. Lakini zipo namba zenye sura ya namba tasa, yaani namba isiyogawanyika isipokuwa kwa moja na kwa yenyewe, ilhali si tasa, kama vile 51, 57, 91, 119 na 133. Mtoto akikutana na 91/104 hujaribu 2, hujaribu 3, hujaribu 5, akikosa huandika kwamba hairahisishiki. Hapa mafungu yanatoa dawa ambayo natamani ifundishwe katika kila darasa. Ikiwa mafungu ya ukubwa fulani yanapanga jumla bila kubakiza, na yanapanga yaliyouzwa bila kubakiza, basi hayana budi kupanga pia yaliyosalia, maana yaliyosalia ni jumla ukitoa yaliyouzwa. Kwa hiyo usihangaike na namba mbili kubwa. Tazama tofauti yake. 104 ukitoa 91 ni 13. Fungu lolote lifaalo lazima ligawanye 13, na kwa kuwa 13 ni namba tasa, fungu ni la 13 au ni la moja. Jaribu 13: 91 ni 13 mara 7, na 104 ni 13 mara 8. Jibu ni 7/8. Vivyo hivyo 51/68 ina tofauti ya 17, nayo ni 3/4. 57/76 ina tofauti ya 19, nayo pia ni 3/4. Tofauti ikiwa moja, kama ilivyo katika 35/36, weka kalamu chini, hapo hapana la kurahisisha.

Tofauti yenyewe ikiwa ngumu kuitambua vigawo vyake, kazi hurudiwa ileile. Nilimpa mtoto wa jirani 391/437, namba ambazo hata mtu mzima akiziona hukunja uso. Alitoa, akapata 46. Akaitoa 46 katika 391 mara nane, ikabaki 23. Akaona kwamba 46 ni 23 mara mbili kamili. Fungu ni 23: 391 ni 23 mara 17, na 437 ni 23 mara 19. Akaandika 17/19. Kalamu yake ilisogea kidogo kuelekea zile tarakimu 1 zilizokuwa juu na chini, kisha ikasimama. Akatoa 17 katika 19, akapata 2, akasema kwamba 2 haigawanyi 17, basi imekwisha. Sikumsaidia hata kwa neno moja.

Njia hiyo si yangu. Euclid, mwanahisabati wa Kigiriki, aliifundisha akiwa Alexandria, nchini Misri, yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, na wanahisabati wa China wa takriban miaka elfu mbili iliyopita waliwaelekeza wanafunzi wao hivyohivyo walipotaka kurahisisha akisami: zigawe kwa mbili zote kama zinagawanyika, na kama hazigawanyiki, toa ndogo katika kubwa, tena na tena, hadi zilingane. Hata ule mstari tunaouchora kati ya namba ya juu na ya chini ulitumiwa na wanahisabati wa Maghreb, yaani Afrika ya kaskazini-magharibi, akiwamo al-Hassar katika karne ya 12, kabla haujaenea Ulaya. Nayataja haya kwa sababu watoto wetu hudhani kanuni hizi zilitungwa na watunga mitihani ili kuwatesa, ilhali ni kazi ya watu waliotafuta njia fupi ya kusema jambo la kweli, na baadhi yao waliishi katika bara hili letu.

Kuna pia suala la lugha. Katika somo la Kiswahili watoto hukariri akisami: nusu, thuluthi, robo, humusi, sudusi, subui, thumuni, tusui, ushuri. Katika somo la Hisabati, ambalo kuanzia Gredi ya 4 hufundishwa kwa Kiingereza, hukutana na vitu vilevile kwa majina mengine, na masomo hayo mawili hayasalimiani kamwe. Hasara ni kubwa, kwa sababu Kiswahili chenyewe hurahisisha. Hakuna asemaye robo mbili za mkate, husema nusu. Hakuna asemaye thumuni mbili; husema robo. Mtoto akitumwa bucha kuleta nyama robo tatu, na mizani ikaonyesha gramu 750, hulipa akaenda zake, kwa sababu anajua kwamba hiyo ndiyo robo tatu aliyoagizwa. Kichwani amekwisha kurahisisha 750/1000 kwa mafungu ya 250, na hakufuta tarakimu yoyote. Kesho yake darasani anaandikiwa 750/1000 ubaoni, naye hushindwa, na hakuna anayemkumbusha bucha. Wenzetu wa Mwanza, ng'ambo ya ziwa, husoma Hisabati kwa Kiswahili katika shule za msingi za serikali, na huiita namba ya juu kiasi na ya chini asili. Siombi tubadilishe lugha ya mtaala. Naomba tu mwalimu asione haya kutamka thuluthi na sudusi katikati ya kipindi cha Hisabati, ili mtoto atambue kwamba anachofundishwa tayari kimo kinywani mwake.

Wazazi watauliza haya yote yana faida gani nje ya darasa. Nitatoa mfano wa ardhi, kwa kuwa ndiyo inayotuuma. Shemeji yangu alinunua ploti viungani mwa Nakuru, na muuzaji akamwambia kwamba ni thumuni ya eka. Vipimo ni futi 50 kwa futi 100, kama zilivyo ploti nyingi zinazouzwa kwa jina hilo. Eka moja ni futi mraba 43,560, na ploti yake ni futi mraba 5,000. Basi amenunua 5000/43560 ya eka. Akisami hiyo ikiachwa hivyo ilivyo, hakuna mtu atakayeitazama mara mbili. Tuipange katika mafungu ya 10, tupate 500/4356. Kisha katika mafungu ya 4, tupate 125/1089. Hapo tumefika mwisho, kwa kuwa 125 ni 5 × 5 × 5, ilhali 1089 ni 3 × 3 × 11 × 11, na hazina fungu la pamoja. Sasa chukua thumuni kamili, 1/8, uizidishe juu na chini kwa 125: inakuwa 125/1000. Ziweke pamoja, 125/1000 na 125/1089. Juu zinalingana, chini ya ploti ya shemeji ni kubwa zaidi, kwa hiyo kipande chake ni kidogo kuliko thumuni. Thumuni ya kweli ni futi mraba 5,445. Amepungukiwa na futi mraba 445, zaidi kidogo ya uwanja wa futi 21 kwa 21, ambao ungetosha kujengwa chumba, jikoni na choo. Wapo watakaosema kwamba ardhi iliyopungua imekwenda kwenye barabara ya kuingilia, na yawezekana ni kweli. Lakini mnunuzi alistahili kuambiwa hivyo kabla ya kutia sahihi, na angeuliza mwenyewe kama angeweza kuiandika ile akisami kwa namba zake ndogo.

Kwa walimu wa madarasa ya juu nitaongeza jambo moja kwa ufupi. Wanafunzi hufundishwa kwamba akisami ambayo asili yake ina kigawo cha 3 au 7 haina desimali yenye mwisho, kisha wanashangaa kwamba 9/12 ni 0.75 kamili. Sharti hilo hutumika tu baada ya kurahisisha. 9/12 ni 3/4, na 4 haina ndani yake isipokuwa 2, basi desimali yake ina mwisho. 7/12 hairahisishiki, ile 3 imebaki ndani ya 12, na desimali yake ni 0.58333 isiyokoma.

Haki inanitaka niseme pia kwamba kurahisisha si jambo la kufanywa kila mara, na mtoto anapaswa kulijua hilo. Nenda kwa mafundi wa magari wa jua kali, uangalie spana za inchi zilivyopangwa: 3/8, 7/16, 1/2, 9/16, 5/8, 11/16, 3/4. Mwanagenzi anayeambiwa alete spana inayofuata baada ya nusu husimama akikuna kichwa, kwa sababu kila spana imeandikwa kwa namba zake ndogo kabisa na utaratibu umejificha. Zirudishe zote kwenye sehemu za kumi na sita, na utaona kwamba ni 6/16, 7/16, 8/16, 9/16, 10/16, 11/16 na 12/16, hatua moja baada ya nyingine kama ngazi. Wazee wa Kiislamu wa Mumias wanaogawa mirathi wanalijua jambo hili pia. Mtu akifariki akaacha mke, mama na mwana mmoja wa kiume, basi baada ya madeni na wasia mke hupata thumuni, mama hupata sudusi, na mwana huchukua kilichobaki. Thumuni na sudusi hazijumlishiki zikiwa hivyo, kwa hiyo mali hupangwa katika mafungu 24: mke 3, mama 4, mwana 17. Aliyejifunza kukata tu hawezi kurudi kutoka 1/8 hadi 3/24, kwa maana kilichotupwa hakirudi. Aliyejifunza mafungu hurudi bila shida, kwani anajua kwamba hakuna kilichowahi kutupwa.

Kuhusu usahihishaji, nina ombi kwa walimu wenzangu ambao bado wamo darasani. Mtoto aliyeulizwa 18/24 akaandika 6/8, na mtoto aliyeulizwa 13/39 akaandika 1/9, hawakufanya kosa la aina moja, na hawastahili alama moja ya kosa. Wa kwanza amesema kweli, ila hajamaliza. Wa pili ameharibu thamani. Katika majaribio ya shuleni, swali la namna hii lipewe alama mbili: moja kwa kuhifadhi thamani na nyingine kwa kufika mwisho. Mwanafunzi wa 6/8 apate alama moja na maneno matatu pembeni, “bado lipo fungu”, naye ataitafuta ile 2 iliyobaki. Na pale jibu linapokuwa sahihi, mwalimu atupe jicho kwenye mistari ya kufuta kabla ya kuweka alama. Ikiwa hana muda wa kutazama kila daftari, basi aandike ubaoni 16/64 na 13/39 kwa pamoja, awaache wanafunzi wazifute tarakimu watakavyo, kisha awaulize 13 imo mara ngapi katika 39. Nimeijaribu njia hiyo, nayo huchukua dakika zisizozidi kumi.

Kwako Mhariri nina ombi la mwisho. Gazeti lako huwatengea wanafunzi nafasi ya insha na mashairi, nami nafurahi kuiona. Naomba kona ndogo isiyozidi inchi tatu, mara moja kwa wiki, yenye akisami moja ya kurahisisha itokayo katika maisha ya huku kwetu: gorogoro zilizouzwa, futi za ploti, dakika za safari kutoka Kisumu hadi Ahero, lita za maziwa zilizokusanywa asubuhi. Jibu lichapishwe wiki inayofuata, likionyesha fungu lililotumika. Niko tayari kuziandika bila malipo, na ya kwanza hii hapa: mvuvi wa Dunga amevua samaki 119, akauza 68 ufuoni kabla ya jua kuchomoza. Ameuza sehemu gani ya samaki wake?

Wako mwaminifu,
Mwalimu mstaafu wa Hisabati,
Kondele, Kisumu.